Gadi wa Chuo Anafunga Pointi 28. Ataiweza NBA?

Juni 25, 2009, New York, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam aliitwa wa pili katika drafti ya NBA, shughuli ambayo timu za ligi kuu ya mpira wa kikapu Marekani huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Watanzania wengi wanaukumbuka usiku ule kwa ajili yake, na wana haki. Ila kwa anayetaka kujua namna ya kumpima gadi wa chuo (mchezaji wa nje anayeendesha na kupitisha mpira), utamu wa drafti ile unaanzia baada ya jina la Thabeet. Waliofuata ni gadi watano mfululizo: James Harden wa 3, Tyreke Evans wa 4, Ricky Rubio kutoka Hispania wa 5, Jonny Flynn wa 6, Stephen Curry wa 7. Jrue Holiday alisubiri hadi namba 17, Ty Lawson 18, Jeff Teague 19, Darren Collison 21, Patrick Beverley 42, Patty Mills 55. Minnesota walikuwa na namba 5 na 6, wakachukua gadi wawili papo hapo, na Curry akawapita.

Makosa ya namna hiyo hayatokani na uvivu wa maskauti, wachunguzi wa vipaji wa timu. Yanatokana na kusoma namba bila kuuliza zimepatikana katika kazi gani. Ndiyo maana mimi nikisikia gadi fulani anafunga pointi nyingi, huuliza kwanza timu yake ilimpa kazi ipi, na kama kazi hiyo ataikuta huko aendako.

Chukua watu wawili. Curry, msimu wa 2008-09, mwaka wake wa tatu chuo cha Davidson: pointi 28.6 kwa mechi, wa kwanza nchini Marekani, mitupo ya pointi tatu 38.7%, mitupo huru 87.6%. Jimmer Fredette, msimu wa 2010-11, mwaka wake wa nne chuo cha BYU: pointi 28.9, naye wa kwanza nchini, pointi tatu 39.6%, mitupo huru 89.4%. Funika majina uone kama utaweza kuwatenganisha. Fredette aliitwa wa 10 mwaka 2011 na haki zake zikaishia Sacramento. Hakupata kamwe nafasi ya kudumu, na shabaha haikuwa sababu, kwani NBA alifunga zaidi ya 37% ya mitupo yake ya pointi tatu, ambayo ni kazi nzuri kwa mtu yeyote. Tatizo ni kwamba BYU mpira ulikuwa mkononi mwake usiku kucha, na kule Sacramento mpira ulikuwa wa wengine. Bila mpira alibaki mlengaji wa kusubiri pembeni, na mlengaji wa kusubiri anayepitwa kirahisi kwenye ulinzi huwa hakai uwanjani muda mrefu. Alipokwenda China na kukabidhiwa mpira tena, mwaka 2017 alifunga pointi 73 katika mechi moja akiwa na Shanghai Sharks. Kipaji kilikuwa kilekile.

Curry alikuwa tofauti kwa jambo ambalo wastani wa pointi hauonyeshi. Mwaka wake wa pili Davidson, mwenye mpira hakuwa yeye. Alikuwa Jason Richards, aliyeongoza nchi nzima kwa asisti (pasi zinazozaa kikapu) msimu ule. Curry alikuwa akizunguka nyuma ya skrini (mwenzake anayesimama kumzuia mlinzi), akitokea upande huu na ule, akipokea na kutupa. Alifunga 43.9% ya mitupo ya pointi tatu na kuipeleka Davidson hadi hatua ya timu nane bora za taifa. Richards alipomaliza masomo, Curry akakabidhiwa mpira, na asisti zake zikapanda kutoka 2.9 hadi 5.6 kwa mechi. Kazi mbili tofauti ndani ya miaka miwili, na zote mbili alizimudu. Kuna pia mechi ya Novemba 25, 2008 dhidi ya Loyola ya Maryland. Kocha wa wapinzani aliamuru walinzi wawili wamfuate Curry kila aendako. Curry akaenda kusimama kwenye kona, akawaacha wenzake wanne wacheze dhidi ya watatu. Hakufunga pointi hata moja, na Davidson walishinda 78-48. Kwenye jedwali la takwimu ni usiku wake mbaya kuliko yote. Kwa anayejua anachotafuta, ile ni mojawapo ya mechi bora za kumpima.

Kinyume chake ni Holiday. Mwaka wake mmoja chuo cha UCLA alifunga pointi 8.5 tu kwa mechi na 30.7% ya mitupo ya pointi tatu. Nani atamtaka? Lakini pointi gadi wa UCLA, yaani gadi mkuu mwenye mpira, alikuwa Darren Collison, mwanafunzi wa mwaka wa nne, kwa hiyo Holiday alisogezwa pembeni na kupewa kazi ya kumkaba gadi hatari wa upande wa pili. Ni kazi hiyo hasa iliyomletea ubingwa wa NBA mwaka 2021 akiwa Milwaukee na 2024 akiwa Boston. Kabla hujamdharau gadi mwenye namba ndogo, angalia jina la anayecheza naye.

Sasa namba zenyewe. Wastani wa pointi kwa mechi uache kando, hesabu kwanza gharama ya pointi hizo. Gawa pointi kwa mara mbili ya jumla hii: mitupo ya kawaida (ya pointi mbili na ya tatu), ongeza mitupo huru ikizidishwa kwa 0.44. (Hiyo 0.44 ipo kwa sababu si kila mtupo huru unaila zamu ya timu ya kushambulia: kuna ule wa nyongeza baada ya kikapu na faulo, kuna wa faulo ya kiufundi, na kuna mitatu kwa mkupuo mmoja. Wengine hutumia 0.475 kwa vyuo, tofauti ni ndogo.) Gadi wa kwanza ana pointi 20, mitupo 18, mitupo huru 4. Anapata 20 kugawa kwa 39.5, yaani karibu 51%. Gadi wa pili ana pointi 15, mitupo 10, mitupo huru 5. Anapata 15 kugawa kwa 24.4, yaani zaidi ya 61%. Vichwa vya habari vitamtaja wa kwanza. Mimi ningeanza na mkanda wa video wa huyo wa pili, halafu niangalie kama ufanisi huo unabaki anapoongezewa mzigo, maana ni rahisi kuwa na asilimia nzuri ukitupa mara sita tu kwa usiku.

Kumbuka pia kwamba mechi ya chuo ni dakika 40 na ya NBA ni 48, na saa ya mtupo, muda ambao timu lazima iwe imetupa, ni sekunde 30 chuoni, 24 kwa walipwaji. Kulinganisha wastani wa mechi kati ya ligi hizo mbili hakuna maana. Geuza kila kitu kiwe kwa dakika 40, au bora zaidi kwa kila zamu 100.

Shabaha inahitaji uangalifu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu msimu wa chuo ni mfupi mno. Markelle Fultz, mwaka wake mmoja Washington, alifunga mitupo 50 ya pointi tatu kati ya 121, yaani 41.3%. Inapendeza. Lakini kwa mitupo 121, bahati peke yake inaweza kuisogeza asilimia hiyo kwa tisa hivi juu au chini. Mtu wa 33% na mtu wa 49% wote wangeweza kutoka na matokeo yale. Pembeni ya namba hiyo ilikuwepo nyingine: mitupo huru 64.9%. Mtupo huru hauna mlinzi, hauna haraka, umbali ni uleule kila siku, kwa hiyo unaonyesha mkono wenyewe ulivyo. Gadi mwenye pointi tatu nzuri na mitupo huru mibaya, amini mitupo huru. Fultz aliitwa wa kwanza mwaka 2017, na shabaha yake ikavunjika karibu mara moja. Haki itendeke: baadaye aligundulika ana tatizo la mishipa ya fahamu begani, na hilo hakuna jedwali lingelionyesha. Ila Davion Mitchell hakuwa na jeraha la kusingizia. Mwaka 2021 aliibuka bingwa na Baylor akiwa na 44.7% ya pointi tatu na takriban 64% ya mitupo huru, akaitwa wa 9, na msimu wake wa kwanza NBA akashuka chini ya 32%.

Halafu kuna umbali. Mstari wa NBA uko mita 7.24 kutoka kwenye ringi, na kwenye kona mita 6.71. Wa chuo kwa wanaume ulikuwa mita 6.02 hadi 2008, ukasogezwa hadi 6.32, na tangu msimu wa 2019-20 daraja la kwanza wanatumia 6.75. Hili linaeleza sehemu ya anguko la Curry kutoka 43.9% hadi 38.7%: mstari ulirudi nyuma sentimita 30 mwaka uleule alioanza kujitengenezea mitupo mwenyewe huku akivamiwa na wawili. Aliyeona 38.7% akasema kijana kashuka hakuangalia mkanda. Alipofika NBA, msimu wa kwanza kabisa, alifunga 43.7% kutoka kwenye mstari wa mbali zaidi.

Kwa hiyo usihesabu tu ngapi zimeingia. Chukua kalamu, gawa mitupo ya pointi tatu katika mafungu: aliyopokea pasi akiwa amesimama, aliyotupa akitoka mbioni nyuma ya skrini, na aliyotupa baada ya kudunda mpira mwenyewe. Andika pia mingapi ilitupwa akiwa hatua nzima nyuma ya mstari. Gadi ambaye vidole vya miguu viko juu ya mstari wa chuo kila mara bado ana karibu nusu mita ya kuongeza, na mara nyingi nguvu hiyo ataitafuta kwa kushusha mpira hadi kiunoni kabla ya kuupandisha. Hapo mlinzi wa NBA anafika. Mtindo usiopendeza macho si kosa ilimradi mpira unatoka haraka na kwa njia ileile kila mara. Tyrese Haliburton wa Iowa State alikuwa na mtupo ambao kocha yeyote wa watoto angemkataza, lakini mitupo huru yake ilikuwa zaidi ya 82% na pointi tatu 41.9%. Aliitwa wa 12 mwaka 2020, na mwaka 2025 aliiongoza Indiana hadi fainali.

Kutoa pasi nako kunahitaji mkanda, maana uwiano wa asisti kwa mipira iliyopotea hudanganya pande zote mbili. Lawson, akiwa na North Carolina mabingwa wa 2009, alitoa asisti 6.6 na kupoteza mpira chini ya mara mbili kwa mechi. Uwiano wa ajabu, na ulikuwa wa kweli, ila alizungukwa na wafungaji kila upande. Curry mwaka uleule alikuwa na asisti 5.6 kwa mipira 3.7 iliyopotea, uwiano wa 1.5 tu. Wapo waliosema huyu si pointi gadi. Mingi ya hiyo mipira ilikuwa na walinzi wawili usoni mwake, au ilimfikia mwenzake asiyetarajia pasi ile.

Njia ninayoipendekeza ni hii. Tafuta mechi sita: mbili dhidi ya ulinzi mgumu kuliko wote aliokutana nao, moja ya ugenini, moja ambayo hakufunga vizuri, moja ya Novemba na moja ya Machi. Usiguse mikanda ya vikapu bora, humo hakuna anayekosea. Andika kila mara anapopewa skrini na mtu mrefu, hadi zifike 50 hivi. Kwa kila moja andika mambo matatu: ulinzi ulifanya nini, yeye aliona nini, alifanya nini. Senta wa wapinzani (mtu wao mrefu) akibaki nyuma karibu na ringi, je, gadi anatupa palepale bila kusita, au anadunda hadi anameza nafasi? Senta akijitokeza juu, anaweza kumvuta hatua mbili zaidi kisha kumpasia mrefu wake? Wakimvamia wawili, mpira unatoka kabla au baada ya kubanwa kwenye mstari wa pembeni? Wakibadilishana watu na akabaki na senta, anamshinda kwa mguu au anaridhika na mtupo mgumu?

Pasi inayoniambia mengi kuliko zote ni ile ya kwenda kona ya mbali, upande wa pili wa uwanja, kwa mkono mmoja, mpira ukitoka moja kwa moja kwenye kudunda. Gadi wengi wa chuo hushika kwanza kwa mikono miwili, na nusu sekunde hiyo inatosha mlinzi wa kona kurudi. Angalia kama anaiweza kwa mkono wa kushoto pia. Ukikuta anaiona pasi lakini haimfikii mwenzake, hilo linafundishika. Asipoiona kabisa katika skrini 50, mimi sina imani kwamba ataanza kuiona akiwa na miaka 24.

Kuhusu mashambulizi ya ringi kuna jambo moja la uwanja lenyewe. NBA mlinzi haruhusiwi kukaa kwenye eneo la rangi (lililo mbele ya ringi) zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu, chuoni anaruhusiwa. Gadi anayecheza na wenzake wawili wasiolenga vizuri anakuta watu watatu chini ya ringi kila akiingia. Hesabu wenzake wanaolenga kabla ya kuhukumu asilimia yake ya lei-apu, mitupo ya karibu kabisa na ringi. Na hesabu mitupo huru anayoitafuta: mtupo huru mmoja kwa kila mitupo mitatu ya kawaida ni kiwango kizuri kwa gadi, na tabia hiyo huwa inahama naye.

Vipimo vya mwili vya wanaotarajia drafti vinachukuliwa Chicago kila Mei, bila viatu, na vinasaidia kwa kiasi. Urefu peke yake ni namba dhaifu. Donovan Mitchell wa Louisville alipimwa kama sentimita 186, lakini mikono yake ikinyooshwa ilifika 208. Anakaba kama mtu mrefu kuliko alivyo. Shai Gilgeous-Alexander wa Kentucky, aliyeitwa wa 11 mwaka 2018, ana mikono ya takriban sentimita 212. Curry alikuwa sentimita 188 na mikono 192, hakuna cha kushangaza hapo, na ni kweli kwamba mwili ulimtia shaka kila mtu. Mikono mifupi haimzuii mtu kucheza, ila inapandisha kiwango cha shabaha anachotakiwa kuwa nacho. Mbio za robo tatu ya uwanja na zile za kuzunguka eneo la rangi, wastani kwa gadi ni karibu sekunde 3.2 na sekunde 11. Mimi huzitumia tu kuthibitisha nilichokiona kwenye mkanda. Muhimu zaidi ni jinsi anavyosimama ghafla: gadi wakubwa wanapunguza kasi vizuri kuliko wanavyoiongeza.

Ulinzi ndiko makosa makubwa yanakofanyika, kwa sababu mfumo wa chuo unaweza kumficha mtu kabisa. Flynn alitoka Syracuse, timu iliyokuwa maarufu kwa ulinzi wa eneo, ambapo kila mmoja analinda sehemu ya uwanja badala ya mtu, wawili mbele na watatu nyuma. Machi 2009 alicheza dakika 67 kati ya 70 katika mechi ya vipindi sita vya muda wa nyongeza dhidi ya Connecticut ya Thabeet, na nchi nzima ikampenda. Moyo ule haukuwa na shaka. Lakini ni mara ngapi mtu alimwona akimkaba gadi mmoja mbele yake, akipambana kupita juu ya skrini, kwa mechi nzima? Karibu hakuna. NBA hilo ndilo wanalokufanyia kila zamu: wanatafuta mlinzi dhaifu na kumwita kwenye skrini hadi kocha amtoe. Flynn alifanyiwa upasuaji wa nyonga mwaka 2010 na hakurudi alivyokuwa, kwa hiyo hatutajua mwisho wake halisi ungekuwa upi. Ukikuta gadi wa mfumo wa namna hiyo, andika wazi kwenye ripoti kwamba ulinzi wake haujaonekana. Usijaze nafasi kwa kubahatisha.

Mipira anayoiba ni ishara nzuri, kwa sababu inahitaji macho, mikono na miguu kwa pamoja. Curry aliiba 2.5 kwa mechi, Fredette 1.3. Hiyo ndiyo moja ya tofauti chache zilizokuwepo kwenye karatasi kati ya wale wawili, na wengi waliipita bila kuisoma. Angalia tu kama anaiba kwa kusoma pasi au kwa kuacha mtu wake na kucheza kamari.

Umri upimwe kwa miezi. Kijana wa miaka 19 anayefanya jambo sawa na mtu wa 23 amefanya jambo kubwa zaidi. Siku hizi hilo linazidi kuwa gumu, kwa kuwa tangu 2021 wanachuo wanaweza kulipwa kwa majina yao, wanahamahama vyuo na kubaki muda mrefu, na wapo gadi wa miaka 23 au 24 wanaowaonea watoto. Hata hivyo usimfutie mtu mzima kila kitu. Jalen Brunson alikaa Villanova miaka mitatu, akachukua ubingwa mara mbili na tuzo ya mchezaji bora wa taifa, kisha akaitwa wa 33 mwaka 2018 kwa sababu ni mfupi na harukii juu. Nguvu ya nyonga, miguu inayogeuka kwenye nafasi ya sahani, na utulivu wa kusimama katikati ya msitu wa watu vilikuwa vyote kwenye mikanda. Msimu wa 2023-24 alifungia New York pointi 28.7 kwa mechi. Fred VanVleet wa Wichita State hakuitwa kabisa mwaka 2016. Mwaka 2019 alikuwa bingwa na Toronto.

Mwisho wa kazi andika sentensi tatu, si daraja la alama. Atafanya nini siku ya kwanza, bila mpira. Atamkaba nani. Kitu gani kimoja lazima kibadilike ili aanze mechi. Kisha weka bei: mkataba wa mzunguko wa kwanza wa drafti unadhaminiwa miaka miwili na timu ina hiari ya wa tatu na wa nne, kwa hiyo hapo unaweza kumsubiri Holiday wa miaka 19, gadi wa miaka 23 anayejua kazi moja vizuri anafaa mzunguko wa pili, au moja ya nafasi tatu za mkataba wa njia mbili (kati ya NBA na ligi yake ya chini) ambazo kila timu inazo tangu 2023. Kwa Holiday wa Juni 2009 ningetarajia kusoma hivi: "Siku ya kwanza anapitisha mpira na kukimbia kona. Anakaba gadi yeyote wa aina yoyote. Mtupo wa pointi tatu lazima upande kutoka 30%."